Mama Gundi na Kompyuta Kumi na Moja

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi. Mkutubi Mkuu wetu. Wasomaji na wafanyakazi wenzetu:

MAKARIBISHO

Karibu sana katika maktaba yetu. Utuwie radhi kwa kiti cha mbao. Vile vyenye mito wamevikalia wasomaji, na hatukuwa na moyo wa kuwainua.

HISTORIA

Chumba ulichokipita mkono wa kushoto kina kompyuta kumi na moja. Mwaka juzi zilizeeka: ukiwasha moja asubuhi, unafagia ukumbi mzima ndipo iitike. Fundi aliyeitwa alizitazama, akasema, "Hizi zimekula chumvi nyingi. Mfumo mpya wa kuziendesha hazitaubeba." Zikafunikwa shuka.

Tunaye mjalidi, mama anayeshona na kubandika vitabu vilivyochanika. Sote tunamwita Mama Gundi. Alikuwa akijalidi majarida ya zamani, na katika moja akasoma kwamba upo mfumo mwingine uitwao Linux, wa bure, usioielemea mashine kuukuu. Akauliza, "Kwa hiyo huenda ubovu si wa mashine?" Yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kushika kompyuta ila kuifuta vumbi.

Mkutubi Mkuu akamruhusu ajaribu moja. Aliuweka mfumo kwenye flashi, akafuata maelekezo ya jarida hatua kwa hatua. Swali moja hakulielewa, akajibu "ndiyo". Orodha yote ya vitabu vya watoto iliyokuwa humo ikafutika.

Mama Gundi akasema, "Nimefuta mimi, nitaandika mimi." Akaiandika upya kwa wiki tatu, kwa vidole viwili, akitembea rafu kwa rafu.

MAFANIKIO

Leo kompyuta tisa zinafanya kazi, na sisi tumejifunza kwake. Siku ya kwanza mashine ilidai nywila. Tukaandika, kisionekane kitu. Mhudumu wa kaunta akasema kibodi imekufa. Mama Gundi akacheka: "Inasikia, ila haitangazi siri ya mtu." Tangu hapo hatuliogopi lile dirisha jeusi la kuandikia amri. Mlinzi wetu amejua kuiuliza mashine maana ya kila amri, naye hutuletea mpya kila asubuhi kama mwingine aletavyo habari za mtaani.

CHANGAMOTO

Printa bado haielewani na mfumo huu. Ikipenda inachapa, isipopenda inatema karatasi tupu. Kompyuta mbili hazijakubali kuwaka sawasawa. Lililo kubwa zaidi, Mama Gundi anastaafu mwisho wa mwezi, na kwa kanuni zetu mstaafu haruhusiwi kuvuka kaunta.

MAOMBI

Mgeni rasmi, tumesikia umemletea saa ya ukutani ya kumuaga. Tunashukuru. Pamoja nayo tunaomba kibali chako, aingie chumba kile cha kompyuta siku mbili kwa wiki, aendelee kutufundisha.

Hakututuma. Hakujua kwamba jambo hili limo katika risala, na sasa hivi anatukazia macho. Ila leo asubuhi tulimuuliza ni nini kitakachomuuma zaidi akiondoka. Akafikiri, akasema, "Ile kompyuta ya kumi. Jana iliandika mstari mmoja, ikazimika kabla sijausoma. Nataka kujua ilikuwa inasema nini."

Mungu akupe afya, aibariki safari yako, na aulainishe mkono wako utakaposhika kalamu.

Ni sisi,
Wafanyakazi wa Maktaba, wanafunzi wa Mama Gundi.