Dada Yetu na Neno Ambalo Hakulisikia

Mchungaji, shemeji yangu, mpwa wangu, majirani, na ninyi nyote mlioacha shughuli zenu mkaja kutushika mkono, familia imeniomba mimi, mdogo wake anayemfuata, nisome maisha ya dada yetu, nami nitayasoma kama nilivyoyaona, bila kuyapaka rangi, kwa sababu yeye mwenyewe hakupenda mtu asifiwe uongo kwa kuwa tu amelala ndani ya jeneza.

Dada alizaliwa tarehe 9 Machi 1961, mtoto wa kwanza kati ya wanne, baba yetu akiwa fundi viatu na mama yetu akiuza mkaa, katika chumba cha nyumba ya kupanga kilichopakana na ukuta wa kanisa, hivyo akakua akisikia watu wakiomba upande wa pili, na siku moja, akiwa bado mdogo, akamuuliza mama, "Mbona wao tu ndio wanaoongea?" Mama alimwambia Mungu hujibu ila taratibu, na tangu hapo dada akawa mtu wa kusubiri kujibiwa.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1968, akamaliza kidato cha nne mwaka 1978, akachaguliwa kwenda chuo cha uuguzi, lakini akasema hawezi kwenda kabla hajajua kama huko ndiko Mungu anakotaka aende, akafunga na kuomba, na alipoinuka kutoka magotini nafasi yake ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Baba alikasirika sana. Dada akasema labda hilo ndilo jibu, baba akamwambia, "Hilo si jibu, mwanangu, huko ni kuchelewa."

Mwaka 1980 aliajiriwa katika kiwanda cha mikate, akaanza kwa kupaka mafuta trei, akaenda kwenye kukanda unga, akaishia kuwa msimamizi wa zamu ya asubuhi hadi alipostaafu mwaka 2016, na wenzake wa kiwandani, ambao nawaona wamekaa pale nyuma, walimpa jina la Ngoja Nimuulize, kwa sababu hata akiombwa kubadilishana zamu hilo ndilo lililomtoka, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani anayeulizwa.

Shemeji yangu, fundi wa kuchomelea mageti, alimposa mwaka 1984, akaambiwa asubiri, akasubiri mpaka akachoka, akaja nyumbani na nguo zake za kazi na kusema mbele ya wazazi, "Mungu nimeshamuuliza mimi, amesema anayekawia ni wewe." Dada alicheka mpaka akakaa chini, wakafunga ndoa tarehe 12 Aprili 1986, wakabarikiwa watoto wawili, binti ambaye ni mwalimu na yupo hapa, na kitinda mimba wao, kijana mpole aliyejifunza ufundi wa umeme.

Mwaka 2009 kijana huyo aliugua figo zote mbili. Walioishi na mgonjwa wa namna hiyo wanajua, alisafishwa damu kwa mashine na akazuiwa maji, anapimiwa kidogo tu kwa siku, na kiu yake ilikuwa ya kuogofya, tulikuwa tunafunga bomba la uani asilisikie likichuruzika. Dada alipimwa, ikaonekana figo yake inamfaa mwanawe, na hapo yakaanza mateso ambayo sijui niyaeleze vipi.

Shemeji alikataa, akasema, "Nikiwapoteza wote wawili nitabaki na nani?" Mama mmoja wa kundi la maombi alisema ameonyeshwa kwamba kisu kisimguse dada, na juma hilo hilo mzee mmoja wa kanisa akasema amepewa neno kwamba dada atoe na asiogope, wote wawili ni watu wa Mungu, wote wawili wanampenda, na dada akawa katikati kama mtu anayevutwa mikono na watu wawili. Aliomba nyumbani, aliomba njiani, na wenzake walimsikia ndani ya stoo ya unga akisema, "Sema basi. Hata kama ni hapana, sema."

Hakusikia kitu. Siku moja mchana alimkuta mwanawe amefungua friji, ameinama, analamba barafu iliyoganda ukutani, na alipomwona mama yake akaona aibu, akafunga mlango. Dada alivaa viatu akaenda hospitali kuwaambia madaktari wapange siku. Nilimuuliza, "Umejibiwa?" Akasema, "Sijajibiwa. Nimemwona mtoto."

Upasuaji ulifanyika Februari 2010, ukafaulu, lakini baada ya miaka miwili mwili wa kijana uliikataa figo ile, naye akafariki mwaka 2013. Yule mama wa maombi alikuja msibani akamwambia dada, "Tulikuonya." Dada hakugombana naye, alimmiminia chai, akasema, "Miaka ile alikunywa maji."

Lakini tuliokuwa karibu tuliona kwamba kitu ndani yake kimekatika. Alikwenda kanisani kila Jumapili, aliimba, alitoa sadaka, ila hakumuuliza Mungu kitu tena, na shemeji anasema jambo hilo lilimtisha kuliko machozi.

Mwaka 2019 figo iliyobaki ilianza kushindwa kufanya kazi kwa sababu ya shinikizo la damu. Binti yake alipimwa, akafaa, akamwambia, "Mama, sasa ni zamu yangu." Dada akakataa. Binti akauliza, "Ulipompa mdogo wangu, si nawe ulikatazwa?" Dada akamjibu, "Una watoto wawili wadogo. Usinifanye niombe tena, mwanangu, sina nguvu hizo." Binti alimsihi kwa miaka mitatu, akapiga magoti, akaleta wachungaji, na dada yetu alifariki alfajiri ya tarehe 14 Oktoba 2022, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa binti huyo.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha kusafishia damu, majirani mliotupikia na kutufulia, wafanyakazi wa kiwanda cha mikate, na kanisa, pamoja na wale waliotofautiana naye, kwa maana walikuja.

Mpwa wangu, wazee waliniomba niseme hapa kwamba yote haya yalikuwa mapenzi ya Mungu. Nimejaribu tangu jana, neno halitoki. Ninachokijua ni kwamba ulikuwa tayari kumpa, na yeye alijua.

Dada, lala sasa, upumzike kwa amani ile uliyoiomba sana, ambayo sisi hatukuweza kukupa.