Krismasi ya Februari Pale Heron Point

Mheshimiwa Kanali Whitcomb, mkuu wa kambi yetu; Mchungaji Landry; maafisa na askari mlio kazini na mliokwisha kustaafu; wake, waume na watoto wa askari, ninyi msio na cheo lakini mnahamishwa kila mara kama wenye vyeo; wafanyakazi wote wa Heron Point, nyumba hizi za mapumziko za jeshi; na wewe, Bi Odessa Pruitt, uliyekalishwa meza kuu leo bila kupenda: nawasalimu nyote kwa heshima na kwa moyo mkunjufu.

Mimi ni Corinne Hathcock. Wengi mnanifahamu kama mke wa Sajini Dale, yule pale karibu na dirisha anayejifanya hasikii. Nimepewa kazi ya kumuaga Bi Odessa, ambaye ameiendesha Heron Point tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Asubuhi ameniita jikoni akaniambia, "Corinne, sema maneno machache, na usinilize mbele za watu, nimepaka wanja." Nimemwahidi kwamba nitajitahidi. Zaidi ya hapo sikuahidi kitu.

Ndugu zangu, ni nani kati yetu aliyeijua Heron Point wakati wa kiangazi? Wakubwa, labda. Sisi wa vyeo vya chini tumeijua wakati wa baridi, bwawa la kuogelea limefunikwa turubai, duka la aiskrimu limefungwa, na upepo wa baharini unapenya hadi kwenye soksi. Kiangazi nyumba za ufukweni zilikuwa zimekwisha kuchukuliwa, na bei zake hata hatukuthubutu kuziulizia. Lakini Januari na Februari bei ilishuka mpaka mke wa koplo akaweza kusimama pale mapokezi bila kuona haya, na Bi Odessa akampa ufunguo wa nyumba ya mbele kabisa, yenye kibaraza kinachotazama maji, ile ile waliyolala wakubwa mwezi wa Julai. Hakutuuliza tulikuwa na cheo gani. Alichouliza ni kama watoto wamekula.

Na kwetu sisi, mnajua wenyewe, sikukuu haifuati kalenda. Kila familia iliyo katika ukumbi huu imewahi kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani, ile ya Novemba, mwezi wa Septemba kwa sababu baba anaondoka Oktoba, na imewahi kufungua zawadi za Krismasi mwezi wa Machi kwa sababu Machi ndipo mama aliporudi. Bi Odessa hakuwahi kuliona hilo kuwa ajabu. Mti wake wa Krismasi ulikaa stoo na taa zake tayari mpaka Pasaka ipite, na wafanyakazi wote, kuanzia mapokezi hadi wafua shuka, walikuwa na amri ya kusema "Krismasi njema" bila kucheka. Mwaka mmoja mgeni mmoja, afisa mstaafu, alikuja kulalamika kwamba anasikia nyimbo za Krismasi kupitia ukutani huku nje maua yameanza kuchanua. Bi Odessa akamwambia, "Mzee wangu, hapa Krismasi ni siku askari anapofika. Keki ipo ya kutosha. Kula, au karudi chumbani." Yule mzee akala, akaomba na ya kubeba.

Nacheka, lakini nina sababu yangu ya kumpenda mama huyu, nayo si keki.

Mume wangu aliondoka kwenda vitani binti yetu Lacey akiwa bado hajaota meno. Aliporudi, mtoto alikuwa anatembea, anaongea, na ana maoni yake kuhusu kila kitu. Sasa fikirini mtoto aliyekulia katika mtaa wetu wa kambini. Ameona nini maisha yake yote? Ameona baba za wenzake wamesimama mlangoni wamevaa sare, begi kubwa la kijani liko miguuni, watu wanakumbatiana, kisha yule mwenye begi anatoweka. Kwake yeye, mtu wa sare na begi mlangoni maana yake ilikuwa moja tu. Basi Dale akatokea mlangoni, amevuka bahari kuja kumwona, na Lacey akamwendea kwa adabu zote nilizomfundisha, akambusu shavuni, akampungia mkono na kumwambia, "Kwaheri."

Dale alicheka. Kisha akaenda gereji, akakaa huko muda mrefu, na sikumfuata.

Siku zilizofuata zilikuwa hivyo hivyo. Dale akivaa buti, kwaheri. Akienda kutupa takataka, kwaheri. Hakulia, hakumkataa, alikuwa anamuaga tu mtu anayeondoka. Mimi nikawa nasukuma. Kaa mapajani kwa baba. Mbusu baba. Sema, huyu ni nani? Kadiri nilivyosukuma ndivyo alivyojificha nyuma ya sketi yangu, na Dale ndivyo alivyozidi kuwa mpole, upole ule wa mgeni nyumbani kwa watu. Nilimkumbuka mume wangu kana kwamba hayupo, naye amekaa mbele yangu mezani. Wake na waume wa askari mlioko hapa, hamna haja nieleze zaidi.

Tulikuwa tumepanga kufanya Krismasi yetu hapa Heron Point, mwezi wa Februari. Pale mapokezi Dale akainama kuchukua begi, na Lacey akampungia mkono. Bi Odessa akaona. Hakumhurumia mtu kwa sauti. Alinivuta pembeni akaniambia, "Acha kumsukuma mtoto. Ufuko wote huu hauna mtu. Mwache baba yake atembee, na mtoto akitaka atamfuata mwenyewe. Wewe kaa kibarazani na kahawa yako. Utawaona wote wawili mpaka kule kwenye gati."

Nikafanya hivyo. Dale akatembea, na Lacey akampungia mkono kutoka kibarazani. Dale akafika kwenye gati, akageuka, akarudi. Kesho yake ikawa hivyo hivyo. Kisha asubuhi moja mtoto akashuka ngazi za kibaraza na koti lake jekundu, akaanza kumfuata baba yake kwa mbali, akisimama kila baba aliposimama. Niliinuka kumfuata, nikajirudisha kitini. Ningeweza kumwacha aende hivyo mwezi wa Julai? Ningempoteza kati ya miavuli kabla kahawa haijapoa. Lakini Februari palikuwa na mchanga, na maji, na wao wawili tu.

Dale alinisimulia baadaye walichosemezana. Mtoto alimuuliza, "Unakwenda wapi?"

"Naenda kwenye gati, halafu narudi."

"Halafu unaondoka?"

"Halafu tunakunywa maziwa ya chokoleti."

Mtoto akafikiri, akasema, "Basi twende haraka." Nami nikiwa kibarazani nikaona koti jekundu limeshika mkono wa mtu. Bi Odessa alikuwa amesimama nyuma yangu na shuka safi mkononi. Aliiweka kitini. Alikwenda stoo kuleta mti.

Mheshimiwa Kanali, nakuheshimu, na watu wote hapa wanajua ulivyohangaikia paa za nyumba hizi. Tumesikia pia kwamba Bi Odessa akishaondoka, Heron Point itafungwa kila baridi, tangu Mwaka Mpya hadi Pasaka, kwa sababu vyumba vinabaki vitupu, na kupasha joto nyumba tupu ni hasara. Sina ubishi na mahesabu yako. Nauliza tu: ni nani amewahi kuhesabu kinachofanyika katika utupu huo? Upande huu wa pwani umejaa mahali pa kwenda wakati wa kiangazi. Mahali ambapo mtoto anaweza kumfuata mzazi wake kwa mbali, tena kwa bei ya koplo, napajua hapa tu.

Nasema hivi nikiwa na haja yangu mwenyewe, sitaificha. Lacey sasa ni mama, tena baharia wa jeshi. Yuko melini tangu majira ya kuchipua, na mwanawe Wyatt ninaye mimi. Alimwacha hajui kutambaa. Leo anakimbia ukumbini humu, mmemwona, ndiye aliyeiba mkate wa mahindi wa Mchungaji. Ananiita mama. Namwambia mimi ni bibi, na ananiita mama. Meli inarudi Februari. Kila nikimvika viatu mtoto yule namkumbuka binti yangu hadi kifua kinauma, na kila anaponiita mama najua jina hilo lina mwenyewe.

Bi Odessa, asante. Umetulea sisi wazazi, na watoto wetu ukatuachia tuwalee wenyewe. Nenda kapumzike, na msimu wa joto uende ukalale nyumba ya mbele, tuone utakavyowavumilia watalii.

Jumapili iliyopita Lacey alipata nafasi ya kupiga simu kutoka melini. Aliniambia, "Mama, usimfundishe kuniita mama. Usimwonyeshe picha yangu. Mwambie tu kuna mtu anakuja. Mengine niachie mimi, ila nitafutie mahali pasipo na watu."

Nilimjibu kwamba mahali papo, hapa Heron Point. Kanali, nasubiri neno lako. Nanyi nyote mlionitegea sikio, nawashukuru sana.