Mlango wa Mizani: Kumuaga Mama Optatus

Ijumaa hii, tarehe 14 Novemba 2025, muuguzi mkunga Justa Nehemia, yaani Mama Optatus wetu, anatimiza miaka sitini na kustaafu. Ametumikia miaka thelathini na minne, yote katika zahanati moja, hii yetu ya Mkalanje, Newala. Wapo akina mama hapa waliozaliwa mikononi mwake, na wao wakaja kuzalia mikononi mwake. Anayeandika haya, Ziada, mhudumu wa afya wa kijiji, ni mmoja wao.

Alipanda huku kutoka Masasi mwaka 1991 na sanduku la bati, akakuta chumba kimoja, kitanda kimoja na taa ya chemli. Maji, mjamzito alikuja nayo mwenyewe kwenye ndoo. Waliomwona siku ile wanasema alikuwa mwembamba mno, wakaapa hamalizi miezi mitatu.

Mwaka 2014 ukaja mradi wa uzazi salama, wa wafadhili wa nje. Tusiwe wachoyo wa shukrani: walileta vitanda vya kuzalia, taa za sola, tangi la maji, gari la wagonjwa, na muuguzi wa pili, Ida, aliyelipwa na mradi. Wakajenga na chumba kizuri cha uzazi wa mpango, cha kijani, maandishi makubwa juu ya mlango. Sasa tatizo likawa huo mlango. Ulitazamana na ghala la korosho, ambako wanaume hushinda msimu mzima wakingoja mnada. Mwanamke akiingia tu, habari inafika nyumbani kwake kabla yeye hajafika. "Mke wa nani yule? Kamwambieni mwenyewe!" Miezi mitatu, waliingia wanawake wanne.

Wataalamu wakaona ni elimu tunakosa, wakaleta semina. Tukanywa soda, tukarudi makwetu. Mama Optatus hakubishana na mtu. Asubuhi moja alibeba mizani ya watoto, akaenda kuitundika kwenye chumba kile cha kijani. Tangu hapo kila mwenye mtoto mgongoni anapita mlango ule, na nani ajue nani kaja kupima mtoto na nani kaja kuwekewa kijiti cha kupanga uzazi? Mwezi ule waliofuata uzazi wa mpango walifika hamsini na watatu. Mgeni wa mradi akauliza ametumia mafunzo gani. "Mizani tu, baba," akajibu.

Cuthbert, ambaye yuko kwenye kamati ya sherehe hii na ametupa ruhusa tumtaje, aliwahi kuja pale na hasira, anataka kujua mkewe amefuata nini. Mama Optatus akampakata mtoto aliyeletwa na mkewe. "Shikamoo kwanza hujaniamkia. Halafu mwanao amepungua, Baba Chrispin. Nyumbani unamlisha nini, maneno?" Cuthbert aliondoka na maelekezo ya uji wa karanga, lile swali hakulikumbuka tena.

Februari mwaka huu mradi ulifungwa. Gari liliondoka, vijiti vikaisha, na Ida akapanda basi akilia. Tangu siku hiyo Mama Optatus yuko peke yake. Optatus, mwanawe wa pekee, alilelewa na bibi yake Masasi kwa sababu ya kazi hii. Alipooa mwezi Agosti, mama yake alikaa karibu na mlango wa kanisa, simu mapajani, akarudi Newala chakula hakijapakuliwa. Siku nyingine namkuta anasoma daftari la wajawazito kwa sauti. Anataja jina, anatazama mlangoni, kama mtu anayengoja kuitikiwa.

Barua ya atakayempokea haijafika. Kuanzia Jumatatu chumba cha kuzalia kitafungwa hadi apatikane muuguzi. Mimi nitafungua cha mizani tu, maana kuzalisha sijasomea. Na daftarini wapo wajawazito kumi na mmoja. Mwezi mzima uliopita alitembea nyumba kwa nyumba, akakaa na waume na mama wakwe, akamwandikia kila mjamzito tarehe ya kutoka nyumbani na ndugu wa kufikia, karibu na hospitali ya Newala mjini. Mimi ni wa tisa. Karatasi yangu inasema: Desemba tano, kwa shangazi Dominika, usingoje uchungu.

Nilimuuliza kwa nini asingoje yeye mwezi mmoja tu. Akacheka. "Kama kuzeeka kungekuwa na likizo, mwanangu, ningeiomba." Kisha akageuka, akawa anafuta meza ambayo ilikuwa safi.

Mama Optatus, ahsante. Ahsante kwa mikono yako, na kwa kubaki wakati wengine wote walipopakia mizigo. Mungu akupe afya, akupe na majirani wema huko Masasi, uwe na maisha matamu. Tarehe tano nitatoka nyumbani kama ulivyoandika. Mwezi wa kwanza usikie hodi mlangoni kwako, ufungue, ukute tumekuja wawili.