Seva Yenye Sauti ya Bibi Umi

Mwaka 2004, kwenye basi dogo la kutoka Kivinje kwenda Masoko, mbele yangu alikaa Restuta, dada wa kituo chetu cha utamaduni, amepakata kompyuta iliyofungwa kwa khanga. Jirani yake, kijana aliyejitambulisha kuwa Sixbert, fundi kutoka Dar, akamuuliza imepatwa na nini. "Ni seva yetu, kompyuta ya kuhifadhia kazi za kituo, inatumia Linux. Jana nilikuwa nabadilisha faili la mipangilio, umeme ukakatika. Sasa haiwaki mpaka mwisho." Sixbert akacheka. "Dada, futa yote uweke Linux upya. Leo leo unamaliza." "Sifuti kitu," akajibu.

Mimi sikujua kuwa Linux ni programu ya kuendeshea kompyuta, nilidhani ni dhehebu, lakini nilizidi kutega sikio.

"Ndani mna nyimbo za Kimachinga, lugha ya kwetu, nilizorekodi kwa wazee," akaendelea Restuta. "Masoko nimeazimwa mashine nyingine. Nitaiwasha hii kwa CD, nifungue diski kwa kusoma tu, bila kuandika kitu juu yake, ninakili nyimbo zote kwenye hiyo ya kuazima. Ndipo nirudishe faili la zamani. Nakala yake niliiweka kabla sijagusa chochote."

"Na kama diski imekufa? Unapoteza muda."

"Muda ni wangu, kaka. Bibi Umi, mmoja wa wazee hao, tumemzika juzi. Sauti yake haiko mahali pengine popote."

"Basi anza na nyimbo zake," akasema Sixbert taratibu, "diski isije ikakata roho katikati. Halafu ufute."

"Nitaanza na zake. Kufuta, hapana."

Gari likasimama Masoko. Restuta akaikumbatia mashine, akashuka bila kumpa mtu aishike.