Rudisheni Kigoda Jikoni

Sogeeni, wanangu, mnisikilize vizuri, maana sauti yangu leo ni ya kuazima. Na wewe mwanangu wa mwisho, uliyesimama mlangoni na begi, litue kwanza. Jana ulinipa maji nikakuuliza wewe ni binti wa nani, na lile jina la utani nililokupa mwenyewe likanitoroka; najua umeumia, na mimi nimeumia zaidi. Asinitajie mtu. Nitalitafuta mwenyewe, kwa sababu neno ulilolihangaikia hukaa, na uliloletewa mdomoni huondoka na aliyelileta.

Hilo mkwe wangu analijua, Mungu amzidishie. Kila jioni huniuliza mchana nilikula nini, kisha hunyamaza akaningoja, hata nikijikuna kichwa mpaka chai ikapoa. Ninyi wengine mna huruma yenye haraka, mnanijibia. Nawashukuru, lakini mwigeni yeye.

Mnaijua kazi iliyowalea. Nilihudumu mkahawani pale stendi, na wateja walidhani nina kichwa cha ajabu. Kichwa gani? Siku za mwanzo nilimpelekea dereva supu ya mtu mwingine, akanifokea mbele za watu, nikaenda kulia stoo. Mpishi mkuu, mama mmoja mwenye ulimi wa pilipili, akanifuata akaniambia, "Wewe unasikiliza huku akili umeiacha nyumbani. Basi wapeleke wateja wako hukohuko." Nikadhani ananitania, lakini nikajaribu. Mteja wa dirishani akitaka chai isiyo na sukari, namketisha kwa mawazo kitandani kwangu, anamwaga sukari kwenye shuka, nami nakasirika kwelikweli. Mwenye supu na limau namweka bafuni, ananawa uso kwa limau huku akipiga kelele. Kichwa hakipendi kitu kikavu, wanangu. Kipe mahali, harufu na kichekesho kidogo, hakitaachia. Nikirudi jikoni nilikuwa natembea nyumba yangu moyoni kuanzia mlango wa mbele, nawakuta wote wananisubiri. Yule mama alishatangulia, na hakuna siku nisiyomwombea.

Sasa, maradhi haya yalipoanza kunila, niliwapanga na ninyi humu ndani. Kifungua mimba nilimweka kwenye kochi la marehemu baba yenu, wa kati juu ya kabati la vyombo, na wa mwisho kwenye kigoda cha mlango wa jikoni. Kila asubuhi kabla sijafumbua macho huwapitia mmoja mmoja. Wiki hii mkanipakia nyumba rangi, mkanunua viti vipya, kigoda kibovu mkakitupa nyuma. Nyumba inang'aa, asanteni sana, sina lawama hata chembe. Ila nilipofika jikoni sikumkuta mtu.

Kwa hiyo kigoda kirudi leo. Nendeni mkakilete, mimi naendelea.

Nyumba hii ni yenu watatu, asiuze mtu peke yake. Cherehani namwachia mkwe wangu. Na ninyi wakubwa wawili, ule ugomvi wa chumba cha uani muusahau, na njia ya kusahau ni hii: msiutembelee. Kila mkiusimulia mnaulisha. Simulianeni mlivyocheka mkiwa wadogo, leo, kisha wiki ijayo, kisha msiba wangu ukishapita, nami nitakaa. Na mlale usingizi wa kutosha. Akili hupanga vyombo vyake usiku.

Kimefika? Kiwekeni palepale. Hapo. Na wewe kikalie, mama, usiogope, kitakubeba.

Nipisheni sasa, naingia. Mlango wa mbele... Kifungua mimba yuko kwenye kochi, amevaa kofia ya baba yake, imemfunika macho. Wa kati yuko juu ya kabati, anachota sukari kwa kiganja, shuka chini wewe, utavunja vyombo. Nimeshika ukuta. Naenda jikoni. Kuna uji, naisikia harufu yake... na katoto kamekaa, miguu haifiki chini, kamenyang'anya mwiko, hapana, si mwiko, ni kile... kanakilamba mpaka puani, kamekataa kukirudisha sufuriani...

Kijiko.

Kijiko wangu. Umekonda, mwanangu. Njoo na kigoda chako, kaa hapa karibu. Mungu awape nyumba zenye watu kila chumba. Msifunge... mlango wa jikoni msiufunge, bado napita.