Mlinzi Ndani ya Benchi

Kijiwe chetu kiko Mbuya, chini ya kilima cha jeshi: benchi moja, birika la kahawa, na mimi Anena, ninayemimina tangu nilipoacha shule Senia Tuu, kidato cha pili. Asubuhi hiyo nilikuwa nimeazima laptopu ya Odero, fundi simu tunayemwita Profesa. Nilikuwa nimeandika programu ya kuchora benchi letu kwenye kioo, ili niitume kabla ya saa sita kwa darasa la kompyuta la Kabalagala linalopokea hata wasio na cheti. Nikaiwasha. Kioo cheusi tii.

— Benchi hii nzito, akasema Profesa. Kamashine kangu kameshindwa kuibeba.

— Wapi! akasema Bonny, jina la kijiweni Redio. Jeshi iko hapo juu, haitaki picha. Kompyuta inaogopa kuchora.

— Na simu yako inayopiga picha kila siku? akauliza Profesa.

— Hiyo imezoea. Imezaliwa hapa hapa.

Afande Komakech, askari mstaafu, akaweka kikombe chini.

— Mwanangu, humo ndani nani anaangalia?

— Kamera ya programu, Afande, nikajibu.

— Mwenye macho haambiwi tazama, akadakia Profesa.

— Huyu lazima aambiwe kila kitu, nikasema.

— Basi ni mlinzi mpya, akasema Afande. Umemsimamisha wapi?

— Sufuri, sufuri, sufuri, nikasoma namba za mahali pake.

— Na benchi?

Nikashuka mistari ya programu. Benchi nalo lilikuwa sufuri.

— Banange! Redio akapiga makofi. Mlinzi umemfungia ndani ya ubao!

— Mtoe, akasema Afande. Mweke pale unaposimama na birika, hatua nne kutoka benchi, usawa wa macho yako. Aelekee benchi. Mwambie juu ni wapi, asije akalala. Halafu mpe eneo lake: kushoto mpaka wapi, kulia mpaka wapi, aanze kuona wapi, aishie wapi. Bila hiyo atapiga risasi mbuzi wa watu.

Nikamtoa mlinzi, nikaandika: pembe: digrii sitini; karibu: nusu hatua; mbali: hatua mia.

Benchi likatokea. Mguu wa karibu mnene, wa mbali mwembamba, mbao zikisogeleana kule mwisho kana kwamba zinataka kukutana. Hakuna aliyekunywa. Redio akaenda pale ninaposimama na birika, akachungulia benchi la kweli, akarudi kwenye kioo, akachungulia tena.

— Mungu wangu, akanong'ona. Iko hivyo hivyo.

Husnah wa chapati akafika, akainama.

— Benchi lenu hilo. Lakini tupu. Sasa nani analiangalia?

Profesa akanionyesha saa ya kwenye kioo.

Saa sita kasoro dakika tano. Fomu ya darasa ilikuwa imebakiza mstari mmoja, wa jina la aliyechora. Nikatazama pale ninaposimama na birika, nikaandika jina langu, nikatuma.