Mgeni wa Tatu ni Bi Rasha

Nje ya duka la Jamaldini, fundi cherehani wa mjini Ibra, kuna benchi la mbao ambalo wanaolikalia hawabadiliki. Yupo Ngwali, aliyeendesha malori miaka thelathini, naye huitwa Ramani kwa kuwa hajawahi kukiri kwamba alipotea. Yupo Musa, aliyefungua na kufunga mlango wa hospitali mpaka akastaafu, naye huitwa Daktari. Na yupo Khelef, anayekumbuka siku, saa na hali ya hewa ya kila uzazi wa ukoo wake tangu Unguja, naye huitwa Daftari. Jamaldini mwenyewe, mtu wa Lamu, wamempa jina la Sindano, kwa sababu husema kidogo na akisema huchoma. Yeye ndiye mwenye dele la kahawa, na desturi ya pale ni ile ya Oman nzima: finjani yako itajazwa na kujazwa tena mpaka uitikise. Asiyetikisa hajatosheka. Khelef hajaonekana hata siku moja akitikisa finjani kabla dele halijakauka.

Alhamisi ile alifika saa tatu za asubuhi, akaketi pembeni, akapokea kahawa, akainywa kama mtu anayemeza dawa.

— Uso huo, bwana, ni wa msiba au wa jino? akauliza Musa.

— Wa simu, akajibu Khelef. Hoteli wamenipigia.

Habari ya hoteli benchi zima lilikuwa nayo. Ilikuwa hoteli ya Jabal Akhdar, iliyojengwa ukingoni mwa genge, na Khelef alikuwa amemwekea chumba binti yake wa mwisho, Tamima, na mumewe Ghaith, kwa siku mbili. Ghaith anafanya kazi kiwandani huko Sur na likizo aliyopata ilikuwa Alhamisi mpaka Jumamosi, basi. Gari lingeondoka baada ya sala ya adhuhuri. Tamima hajatoka nyumbani tangu azae. Mwezi uliopita alimwambia babake, kwa Kiswahili chake cha vijana wa siku hizi, "Baba, mimi nataka tu sehemu moja iko kimya." Khelef hakumsahihisha. Alikwenda akatafuta hoteli ambayo katika picha zake zote hakuna hata mtoto mmoja anayekimbia.

— Hoteli wanasemaje?

— Waliuliza Bi Rasha angependa kukandwa saa ngapi, na kwa mafuta gani.

— Bi Rasha ndiye nani?

— Mjukuu wangu.

— Yule wa miezi mitano?

— Miezi mitano na siku tisa. Nilipoagiza chumba waliniuliza wageni ni kina nani. Nikawatajia: Tamima binti Khelef, Ghaith bin Laith, na Bi Rasha binti Ghaith. Siwezi kumtaja mtoto wa watu kwa jina nusu.

— Na juu ya kukandwa ukajibu nini?

— Nikasema hukandwa baada ya magharibi, kwa mafuta ya nazi, na tumbo wasimguse kwa sababu ana gesi.

Ndani ya duka cherehani ilinyamaza.

— Ikawaje? akauliza Jamaldini.

— Halafu yule kijana akasema, samahani ammi, Bi Rasha ana umri gani?

Musa aliweka finjani chini ili asiimwage. Ngwali alikuwa ameshainamia magoti yake, mabega yanatetemeka. Khelef aliwangoja wamalize. Akawaeleza kwamba hoteli ile ni ya watu wazima peke yao, na aliye chini ya miaka kumi na miwili hapokelewi chumbani, mezani, wala karibu na bwawa la kuogelea. Kijana wa simu alikuwa na adabu sana, na hilo ndilo lililouma, kwa maana hapakupatikana pa kugombana.

— Tamima anajua?

— Hajui. Tangu alfajiri anakunja nguo. Anaimba.

Hapo hata Ngwali aliacha kucheka.

— Usihofu, akasema. Penye wazee haliharibiki neno. Kwanza niambie, wanapita njia ya Mudhaibi au ya Fanja?

— Ngwali, hoteli haikukataza njia.

— Sikiliza kwanza. Anayepita Mudhaibi atafika mapema, mlinzi wa getini ndio kwanza kamaliza kula, macho mazito. Mtoto anapita.

— Anapita vipi?

— Ndani ya kikapu. Juu yake tende.

— Na akilia?

— Wataambiwa tende mbichi.

Jamaldini akasema kutoka ndani:

— Sasa nimefahamu kwa nini mizigo yako ilikuwa ikifika nusu.

— Basi waende kwa Mzee Soud, akasema Ngwali, asijali. Namjua, analima waridi kule juu, dakika kumi tu kutoka hoteli yako. Ana chumba cha kupangisha. Kina godoro, dirisha na birika la chai. Na watoto anawapenda, kwa sababu hasikii vizuri.

— Nimemwahidi hoteli, akasema Khelef. Godoro sikumwahidi.

— Basi mtoto abaki hapa Ibra.

— Ananyonya. Jumapili wamempa chupa, ameitupa mpaka mlangoni.

Musa alikohoa, kile kikohozi chake cha kutoa fatwa ya kidaktari.

— Mie nimekaa hospitalini miaka ishirini na sita, akaanza.

— Mlangoni, akasema Jamaldini.

— Mlango wa hospitali si hospitali? Nawaambieni, kitaalamu, mtoto asiyeota meno hajawa mtu mbali. Bado ni kiungo cha mamake, kama mkono au mguu. Sasa niambieni, ipo hoteli inayoweza kumwambia mtu, karibu, lakini mguu uache nje?

— Mguu hauamki saa tisa usiku, akasema Khelef.

— Wangu unaamka, akasema Ngwali.

Jamaldini alitoka na dele, akamjazia kila mmoja. Khelef alinyoosha finjani yake bila kutazama. Alikuwa anafikiria nguo zile zinazokunjwa. Alijua hata nguo ipi ingewekwa juu: ile ya kijani yenye shada la zari kifuani, aliyoishona marehemu mkewe Saliha.

— Lakini kwa nini wanawakataza watoto? akauliza Ngwali. Kakufanya nini mtoto?

— Hilo nalijua, akasema Musa. Wale wageni wanaotoka ng'ambo wana watoto wao, wamewaacha kwao. Wanalipa pesa zote zile ili wasahau kwamba wanao. Sasa akilia mtoto mmoja pale, wote watakumbuka. Watafunga mizigo usiku ule ule. Hoteli kwisha.

— Na jabali lile lina mwangwi, akaongeza Ngwali. Mtoto akilia huku, sauti inakwenda ng'ambo ya bonde, inarudi wamekuwa watoto watano. Ndio maana wahenga wakasema, asiye na mwana aeleke jiwe.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Hoteli imejengwa wapi? Juu ya majiwe. Wageni wanafanya nini kutwa? Wanatazama majiwe. Mtu aliyemwacha mwanawe nyumbani mwache aangalie jiwe. Wahenga waliiona hoteli ile kabla haijajengwa.

Khelef alitaka kumwambia kwamba methali ile haina maana hiyo hata kidogo. Siku nyingine angemweleza na aliyeisema mara ya mwisho katika ukoo wao, na kwa nani. Leo hakuwa na wakati. Jua lilikuwa limeshafika kwenye kizingiti cha duka.

— Nimepata, akasema Musa. Mtoto wa nyoka ni nini?

— Nyoka.

— Basi mtoto wa watu wazima ni nini?

Walitazamana.

— Mtu mzima, akasema Ngwali polepole, kama mtu aliyeona mwezi wa Idi. Wallahi, ni mtu mzima.

— Tena mpime vizuri huyo Rasha, akaendelea Musa, sasa ameshapamba moto. Hana meno. Hana nywele. Akila, analala. Akiamka, analalamika. Hatembei bila kushikwa. Usipomsikiliza anapandisha sauti. Kama huyo si mtu mzima, basi na wewe Ngwali usijaribu kupiga hodi kwenye hoteli yoyote.

— Mie nina meno manne, akasema Ngwali.

Jamaldini aliitoa tepu shingoni.

— Nipeni urefu wake. Saa moja tu, nimemshonea kanzu na kofia. Aingie kama babu yake Ghaith aliyekuja kupumzika.

— Na bakora, akasema Ngwali.

— Bakora atashikaje?

— Ataitafuna. Wazee wangapi wanatafuna bakora?

Khelef alijikuta anacheka, kisha akatazama saa. Saa nne na nusu. Hakuna hata moja katika hayo ambalo angeweza kwenda nalo nyumbani.

Mara akatokea Mwanamvita kwenye kona, leso mabegani, anatembea haraka. Mwanamvita ni mtu wa Kisauni, Mombasa, amelea wanawe watatu huko, na ile ilikuwa wiki yake ya tatu ya kazi nyumbani kwa Khelef.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Mzee Khelef, dada Tamima kanituma. Anauliza kile kiti cha mtoto cha garini kifungwe nyuma ya dereva au upande wa pili.

Ngwali alitazama barabara. Musa alitazama ndani ya finjani. Mwanamvita aliwaangalia mmoja mmoja, na kwa vile alikuwa mtu mzima aliyeona mengi, hakurudia swali. Ikambidi Musa amweleze: hoteli, miaka kumi na miwili, kukandwa, kikapu, mguu, nyoka, kanzu. Alieleza yote. Mwanamvita alisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, ila kwenye kanzu alijifunika mdomo kwa leso kidogo.

— Mimi mgeni hapa, akasema, mtanisamehe. Nataka kujua tu. Nyinyi wachanga wenu walipokuwa na miezi hii mitano, mama zao mliwapeleka wapi?

Ngwali, mwenye njia ya kila mahali, alirudi kuitazama barabara.

— Wangu alikuwa akenda kwa mamake, akasema Musa.

— Ulimpeleka?

— Alikwenda na kakake.

Jamaldini alirudi kwenye cherehani lakini hakuiwasha.

Khelef alikuwa na jibu, na hiyo ndiyo taabu ya kuitwa Daftari. Mwanawe wa kwanza alipokuwa na miezi mitatu, mwanzo wa Aprili, mvua ya mawe imenyesha siku moja kabla, Saliha alimwambia kwamba angependa kwenda Jabal Akhdar kuona waridi zikichumwa. Akamjibu, mtoto bado mchanga. Akazaliwa Hamda, akamwambia tena. Mtoto bado mchanga. Akazaliwa wa tatu. Akazaliwa Alaa, kisha Aseel, wa mwisho Tamima. Aliomba mara sita, kila mtoto mara moja, na kila mara alipewa jibu lile lile, na kila mara alisema, haya. Tamima alipoanza kutembea, Saliha hakuomba tena, na alipokuja kuulizwa alisema magoti hayapandi mlima. Mwaka huu ni wa nne tangu azikwe. Waridi zinachumwa wiki hii.

Jamaldini alikuja na dele kumjazia.

Khelef aliitikisa finjani.

Aliitikisa mara mbili, kulia na kushoto, kama inavyotakiwa, akairudisha. Jamaldini alibaki na dele hewani.

— Khelef, akasema Ngwali, dele bado zito.

— Chumba cha Mzee Soud kina wageni?

— Nani atakwenda pale? Godoro moja.

— Mpigie. Mwambie nakuja mimi na Bi Rasha, siku mbili.

— Wewe na mtoto anayenyonya? akasema Musa. Utamnyonyesha nini, bwana?

— Tamima atakuwa hotelini, dakika kumi tu, na gari nitaliendesha mimi. Rasha akitaka kunyonya, nampakia garini nampeleka getini. Mamake atatoka, atamnyonyesha ndani ya gari, atarudi zake kwenye kimya chake. Ndani wana sheria yao. Nje ya geti ni barabara ya serikali.

— Hata saa tisa usiku?

— Saa tisa usiku ndipo nitakapojua hali ya hewa.

Akasimama, akanyoosha kanzu yake, akamgeukia Mwanamvita, na kwa mara ya kwanza siku ile sauti yake ilikuwa na woga kidogo.

— Mwanangu, nepi inafungwaje?

— Hujapata kufunga, mzee? Na watoto sita?

— Najua alizaliwa nani saa ngapi. Hilo la nepi halikuandikwa.

— Nitakufundisha. Adhuhuri bado.

— Na kiti kifungwe nyuma ya dereva?

— Upande wa pili, ili unapoendesha umwone.

Waliondoka pamoja, Mwanamvita mbele, Khelef nyuma yake anahesabu kwa vidole vitu vya kuchukua: mafuta ya nazi, dawa ya gesi, shali ya Saliha, kwa sababu kule juu kuna baridi hata Aprili. Walipofika kwenye kona alizisikia sauti za benchi nyuma yake.

— Musa, mkeo yupo nyumbani?

— Yupo.

— Anapenda waridi?

— Sijapata kumuuliza.

— Njia ya Mudhaibi ni fupi, mie nakwambia.

Benchi likalia kama linavyolia watu wawili wazito wanaponyanyuka kwa pamoja. Khelef hakugeuka, lakini alimsikia Jamaldini, peke yake mlangoni mwa duka lake, akiuliza:

— Sasa kahawa yote hii ataimaliza nani?